Sura ya 7: Si Kila Leseni Humfuata Mwenyewe

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, kuanzia ofisi za utalii za Njiro hadi steshenari za Usa River, ila marekebisho ya bure ya usalama yalikoma kwa kila ambaye hakujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, nao una mwisho wake: Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani. Windows 11 nayo ina masharti magumu. Inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na hayo si tatizo kwa wengi. Tatizo ni kwamba inataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane kuendelea. Mashine nyingi za mwaka 2016 kurudi nyuma zimeachwa nje, hata zile ambazo bado zinafanya kazi vizuri.

Watu wakalazimika kununua kompyuta nyingine, na swali moja likaanza kurudiwa kwenye meza za mafundi: “Windows yangu niliilipia, tena nikaipandisha toleo. Nikinunua mashine mpya, naweza kuihamisha?”

Jibu linategemea leseni hiyo ilizaliwa wapi. Kupandisha toleo hukupa sura mpya, kasi mpya na jina jipya kwenye skrini, lakini hakubadilishi asili ya leseni. Iliyozaliwa imefungwa kwenye mashine hubaki imefungwa hata ikipandishwa mara tatu, na iliyozaliwa huru hubaki huru. Ukilishika hilo, mengine yote ya sura hii ni utekelezaji tu.

Unachomiliki hasa

Ukinunua Windows hununui programu yenyewe. Programu inabaki kuwa mali ya Microsoft, na wewe unapewa ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yale maandishi marefu ambayo wengi wetu huyaruka na kubofya “Accept”. Ndani yake kuna kifungu kinachoeleza kama ruhusa imefungwa kwenye mashine au kwa mtu. Tofauti hiyo kila mkazi wa Arusha anaijua barabarani: kadi ya gari hufuata gari, hata likiuzwa Babati, na leseni ya udereva humfuata dereva, hata akiacha kifodi leo na kushika Noah kesho.

Kwenye kompyuta leseni ziko za aina tatu, na mtu wa dukani hatapata shida kuzikumbuka: za kiwandani, za rejareja na za jumla.

Leseni ya kiwandani ni ile iliyokuja na mashine kutoka kwa HP, Dell, Lenovo na wenzao. Mtengenezaji huipata kwa bei nafuu, na kwa sababu hiyo imefungwa kwenye mashine ya kwanza na hufa nayo. Enzi za Windows 7 ufunguo wake uliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kompyuta. Tangu Windows 8, mwaka 2012, ufunguo umehifadhiwa kwenye chipu ya madabodi, hivyo hauonekani kwa macho.

Leseni ya rejareja ni ile uliyoinunua peke yake, iwe kwenye boksi au kwa kupakua. Hii ndiyo inayohama. Unaweza kuihamishia kwenye mashine yako nyingine, na ukimaliza nayo huko ukaihamisha tena, ilimradi kwa wakati mmoja iwe kwenye mashine moja tu.

Leseni ya jumla hununuliwa na taasisi: chuo, hospitali, shirika, ofisi ya serikali. Mmiliki wake ni taasisi. Ukistaafu au mkataba wako ukiisha, leseni inabaki kazini. Nyingi huthibitishwa na seva ya ofisi, na kompyuta isipowasiliana na seva hiyo kwa siku 180, Windows huanza kulalamika.

Kupandisha hakubadilishi asili

Julai 29, 2015 Microsoft ilianza kuitoa Windows 10 bure kwa waliokuwa na Windows 7 na 8.1 halali, kwa muda wa mwaka mmoja. Waliokubali hawakupewa ufunguo mpya. Seva za Microsoft ziliandika alama za vifaa vya mashine husika, hasa madabodi, na kuihesabu mashine hiyo kuwa na leseni ya kidijitali. Hapo ndipo wengi walipopotea. Waliona Windows 10, wakadhani sasa wana kitu kipya kisichohusiana na kile cha zamani. Ukweli ni kwamba aliyepandisha kutoka Windows 7 ya kiwandani alipata Windows 10 yenye masharti ya kiwandani, na aliyepandisha kutoka Windows 7 ya boksi alipata Windows 10 inayoweza kuhama. Kutoka 10 kwenda 11 ni hivyo hivyo.

Kuna waliopandisha kwa pesa. Mwishoni mwa 2012, kwa mfano, Windows 8 Pro ya kupandishia iliuzwa kwa dola 39.99, ofa iliyoisha Januari 31, 2013. Leseni ya namna hii haisimami peke yake. Inahitaji leseni nyingine chini yake, na ukiihamisha, mashine mpya lazima iwe tayari na Windows yake halali ya kupandishwa. Huwezi kuipachika kwenye kompyuta iliyoundwa na fundi bila mfumo wowote.

Lipo pia jambo ambalo ndugu na marafiki hugombania. Ukishapandisha, leseni ya zamani na ya juu yake zimekuwa kitu kimoja. Huwezi kubaki na Windows 10 kisha ukampa mpwa wako aliyeko Tengeru ile Windows 7 uliyoipandishia, kwa hoja kwamba wewe huitumii tena. Ikihama, inahama yote.

Office ina masharti yake, tena hesabu yake ni tofauti. Office 2013 ilipotoka, hata aliyeinunua dukani aliambiwa imefungwa kwenye kompyuta ya kwanza. Wateja walipiga kelele, na Machi 2013 Microsoft ikarudi nyuma: ikaruhusu kuihamisha, ila si zaidi ya mara moja kila siku 90, isipokuwa kama mashine imeharibika. Kwa hiyo usichukulie kwamba Windows ikihama na Office imehama, wala kinyume chake.

Iulize mashine yenyewe

Huhitaji kubahatisha. Andika “cmd” kwenye sehemu ya kutafuta, fungua Command Prompt, kisha andika slmgr /dli na ubonyeze Enter. Baada ya sekunde chache hufunguka kidirisha kidogo. Mstari wa “Description” huwa na neno moja kati ya haya: OEM, yaani kiwandani, RETAIL, yaani rejareja, au VOLUME, yaani jumla. Chini yake kuna herufi tano za mwisho za ufunguo.

Herufi hizo tano zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Niliwahi kuliona hilo kwenye kibanda cha mafundi karibu na Stendi Ndogo. Mama mmoja mwenye steshenari aliweka mezani kompyuta mbili za Dell, moja ya zamani iliyopanda kutoka Windows 7, nyingine Latitude iliyotumika aliyotoka kuinunua.

“Shikamoo mama,” fundi kijana alimpokea.

“Marahaba mwanangu. Nataka Windows ya hii ihamie kwenye hii. Nilishailipia, sitaki kulipa tena.”

Kijana aliandika amri, akatazama, akatabasamu. “Imeandika RETAIL, mama. Inahama.”

Fundi mkubwa wa meza ya pili hakuinua hata kichwa. “Dogo, soma herufi tano za mwisho kwanza.”

Zilikuwa 3V66T. Huo ni ufunguo wa pamoja ambao Microsoft huuweka kwenye kila Windows 10 au 11 Pro iliyopata leseni ya kidijitali; kwa toleo la Home huishia na 8HVX7. Uko kwenye mamilioni ya kompyuta duniani na hauthibitishi chochote kuhusu asili. Kidirisha huandika RETAIL hata kama leseni ilianzia kiwandani. Kijana akaigeuza mashine. Chini kulikuwa na kibandiko kilichofifia: “Windows 7 Pro OA”, na jina la Dell pembeni. OA maana yake imethibitishwa na mtengenezaji. Leseni ya kiwandani, basi.

“Haihami, mama,” alisema. Kisha akaiwasha ile Latitude, akaandika amri nyingine, na ufunguo wa Windows Pro ukatokea kutoka kwenye chipu. “Lakini hii mpya ina yake. Ulitaka kuleta kitu ambacho kipo tayari.”

Amri yenyewe huandikwa kwenye PowerShell: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ikirudisha ufunguo, mashine ilitoka kiwandani na leseni. Ikirudisha mstari mtupu, basi ama ni ya zamani kabla ya Windows 8, ama haikuwahi kupewa.

Kuhama, hatua kwa hatua

Tuseme umejiridhisha kwamba yako ni ya rejareja. Usianze na mashine mpya; anza na ya zamani ikiwa bado inawaka.

Kwanza, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Leseni ndiyo inayohama, mafaili hayahami yenyewe.

Pili, ingia kwenye Settings, kisha System (kwenye Windows 10 ni Update & Security), kisha Activation, na uhakikishe leseni imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft. Windows 10 ilianza kuruhusu hilo mwaka 2016. Ni hatua ndogo, lakini kwa aliyepandisha toleo ndiyo mlango wa kutokea, kwa sababu hana ufunguo wowote wa maana mkononi. Hakikisha akaunti ni yako mwenyewe. Mafundi wengi hufungua akaunti ya haraka kwa jina lolote na nenosiri ambalo wiki ijayo hakuna anayelikumbuka.

Tatu, ng’oa ufunguo kwenye mashine ya zamani. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika slmgr /upk, kisha slmgr /cpky ili ufutike pia kwenye rejista ya Windows. Kwa anayeiuza au kuigawa mashine, hatua hii haina mjadala. Masharti yanataka leseni iondoke kule kabla haijatumika huku.

Nne, kwenye mashine mpya weka toleo lilelile. Leseni ya Pro haiamilishi Home, wala ya Home haiamilishi Pro. Mwenye ufunguo wa boksi wa Windows 10 au 11 ataubandika kwenye “Change product key”. Mwenye leseni ya kidijitali ataingia kwa akaunti yake, afungue Activation, abofye Troubleshoot, kisha achague kwamba amebadilisha vifaa hivi karibuni. Itatokea orodha ya kompyuta zake. Achague ile ya zamani, athibitishe kwamba ndiyo kompyuta anayoitumia sasa, na kubofya Activate. Hapa ndipo mtu hujua faida ya kuipa kompyuta jina la maana, maana orodha yenye majina manne yanayoanza na DESKTOP humchosha hata mwenyewe.

Kwa walioko mbali kidogo na mji, Nkoaranga, Leguruki au Ngare Nanyuki, gharama kubwa ni bando. Faili la Windows 11 linazidi GB 5. Lipakue mjini, uliweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, kisha panda nalo. Kuamilisha kwenyewe hakuli bando kubwa. Intaneti ya simu inatosha.

Inapokataa

Ujumbe wenye namba 0xC004C008 maana yake ufunguo unatumika kwenye mashine nyingi kuliko ulivyoruhusiwa. Mara nyingi ni kwa sababu hukuung’oa kule ulikotoka. Namba 0xC004F211 maana yake Windows imeona vifaa vimebadilika. Fuata njia ya Troubleshoot niliyoieleza.

Wenye maboksi ya Windows 7 na 8 wana kikwazo chao. Kwa miaka mingi baada ya ofa ya 2015 kuisha rasmi, funguo hizo ziliendelea kukubalika kwenye Windows 10 na 11. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kuufunga mlango huo. Kompyuta zilizokwishapandishwa haziguswi, lakini ufunguo wa Windows 7 hauamilishi tena usakinishaji mpya. Kwa hao, kuunganisha leseni na akaunti kabla mashine ya zamani haijafa ndiyo kinga.

Madabodi nayo ina kesi yake, hasa kwetu ambako umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Ikiungua, na ikabadilishwa kwa nyingine ya aina ileile au mbadala wa mtengenezaji, leseni ya kiwandani inaendelea kuwa halali, ingawa huenda ukalazimika kuwasiliana na huduma ya wateja ili ikubali. Ukiibadilisha ili upate kasi zaidi, Microsoft inahesabu hiyo ni kompyuta mpya.

Mashine zilizotumika na funguo za bei ya kutupa

Kompyuta nyingi zinazouzwa katikati ya jiji, kuanzia maduka ya Barabara ya Sokoine, ni za ofisi za nje zilizomaliza muda wake: EliteBook, Latitude, ThinkPad. Kwa kawaida mashine za daraja hilo hutoka kiwandani na Windows Pro kwenye chipu. Kampuni ya kwanza huweka juu yake toleo la Enterprise kwa leseni yake ya jumla, na ikiziuza, ile ya jumla inabaki kwake. Hali ni hiyo hiyo kwa taasisi zinazouza vifaa kwa mnada, na Arusha, kwa wingi wa mashirika ya kimataifa, minada hiyo haijawahi kuwa migeni.

Kinachosikitisha ni kinachofuata. Mashine inapofika kwa fundi, anapiga Windows ya Enterprise iliyovunjwa kufuli, huku leseni halali ya Pro ikiwa imelala kwenye madabodi bila mtu kuiamsha. Angeweka Pro ya kawaida na kuiunganisha na intaneti, ingejiamilisha yenyewe bila ufunguo, bila senti. Kujua kama umefanyiwa hivyo, andika slmgr /xpr. Leseni ya kudumu huandika kwamba imeamilishwa kabisa. Ukiona tarehe ya kuisha ndani ya miezi sita, na wewe si mtumishi wa taasisi yoyote, basi kuna programu inayoidanganya Windows kwamba iko ofisini. Programu hizo hudai kwanza uzime kinga ya virusi. Kwa mwenye kompyuta yenye pasipoti za watalii au mitihani ya shule, hilo peke yake ni sababu ya kukataa.

Kuna pia funguo zinazouzwa mtandaoni kwa dola chache. Wauzaji wengi hujificha nyuma ya hukumu ya kweli. Julai 3, 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua kwamba aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuza, na mtengenezaji hawezi kumzuia. Lakini mahakama ileile ilisema muuzaji lazima aifanye nakala yake isitumike tena, na kwamba fungu la leseni za jumla haliwezi kukatwa vipande na kuuzwa kimoja kimoja. Funguo nyingi za bei ya kutupa ni vipande hivyo hasa. Tena hukumu hiyo inazifunga nchi za Umoja wa Ulaya. Kwetu Tanzania Bara sheria ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, chini ya usimamizi wa ofisi ya hakimiliki, COSOTA.

Na kama hesabu imegoma kabisa, ipo njia isiyo na leseni ya kuhamisha. Linux na LibreOffice huwekwa kwenye mashine nyingi utakavyo, bila ufunguo. Njia hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, anayeandika barua na kujaza majedwali ya kahawa, kompyuta ya 2014 yenye Linux ni salama kuliko ileile yenye Windows 10 isiyohudumiwa.

Kabla hujatoa pesa

Usimlipe mtu “kuhamisha Windows” kabla ya kujua mambo mawili: mashine ya zamani ina leseni ya aina gani, na mpya ina leseni gani tayari. Yote mawili huchukua dakika tano, na unaweza kuyafanya mbele ya muuzaji, dukani, mashine ikiwa bado ni yake. Leseni yako ikiwa ya kiwandani, iache ife na mashine yake na uelekeze pesa kwenye kompyuta iliyokuja na yake. Ikiwa ya rejareja, ni mali. Iunganishe na akaunti yako leo, mashine ingali inawaka, na risiti uitunze pamoja na nyaraka zako nyingine. Muuzaji asiyekubali uandike amri moja kabla ya kulipa, mwache na kompyuta yake.